Joto la Ngozi

Enesia Mbilinyi alikuja kuchorwa siku moja kabla ya kuchomwa neva. Ndivyo mambo yalivyokwenda katika Kituo cha Ikangula: Jumatano unachorwa, Alhamisi timu inashuka na Mrithi, Jumamosi unarudi nyumbani na mikono yenye nguvu inayoongozwa na huyo Mrithi, wavu wa nyuzi uliopandikizwa chini ya ngozi. Neva zako za zamani zinabaki humo humo, majivu.

Alikuwa mnoa misumeno wa kiwanda cha mbao, mama wa miaka arobaini na mitatu, mwenye mabega mapana na mkono wa kulia uliolegea kwenye kifundo kama shati lililoanikwa.

"Fundi, nimekaa kando ya jiko lenu la nje kwa saa mbili nzima," alisema akiketi. "Mashine yenu inaumwa kuliko mimi."

"Ilikuwa inapokea masahihisho kutoka Dar," alijibu Aidani Tweve. "Leta mkono."

Kutoka kwenye benchi la nje ilisikika sauti nzito, yenye kukwama. "Mchore vizuri, Aidani! Usimchore... kama... ulivyonichora mimi. Nimekuwa ramani ya wilaya!"

Huyo alikuwa Yohanesi Luvanda, dalali wa mnada wa viazi na ng'ombe. Kwa miaka thelathini watu walikuja mnadani hata bila nia ya kununua, ili kumsikia tu akiwatukana wanunuzi wabahili. Sasa ulimi ulikuwa unamfia mdomoni. Naye alikuwa wa kesho. Mrithi anaweza kuushika ulimi ukiwa bado na nyama. Ukishasinyaa hana pa kushika. Wiki tatu, daktari alisema, labda nne.

"Mzee Dalali, kaa karibu na moto unyamaze," Enesia alimjibu bila kugeuka. "Maneno yenyewe yamebaki ya kuhesabu."

"Ndiyo maana... nayatumia kwako, mrembo."

Aidani alitabasamu, akachukua fimbo ya umeme. Kuchora ni kazi nyepesi. Unagonga neva kwa umeme mdogo, unaona msuli upi unaruka, unatia alama ya wino ili timu ijue pa kuchoma. Alimgonga kwenye kifundo cha mkono. Dole gumba likaruka. Mashine ikaandika nane. Akapanda juu ya kiwiko, neva ile ile, akagonga tena.

Mashine ikaandika tatu.

Alibonyeza zaidi. Tatu. Akasogeza fimbo, akapaka mafuta mapya, akagonga mpaka Enesia akauma meno. Tatu.

Aidani hakusoma sana. Aliishia darasa la saba, akafanya kazi ya kufunga nyaya za umeme majumbani, kisha Mamlaka ya Mrithi ikamchukua kwa sababu mikono yake haitetemeki. Lakini alikuwa na miaka tisa kwenye kiti kile, na namba alizijua. Umeme unaotoka juu ya kiwiko unapaswa kufika kwenye dole gumba karibu sawa na ule unaotoka kwenye kifundo. Usipofika, kuna mahali njiani umekwama.

Na umeme uliokwama ni habari nyingine kabisa.

Kipimo chao kilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kugonga neva. Ya pili ni sindano: unaichoma ndani ya msuli, unasikiliza spika. Msuli mzima ukipumzika unanyamaza. Msuli uliotupwa na neva yake hauwezi kunyamaza. Unachakarika kama mahindi kikaangoni. Mchakariko ukisikika sehemu tatu kati ya nne, yaani mkono, mguu, mgongo na ulimi, na hakuna sababu nyingine, basi ni ugonjwa wa neva za mwendo, hauna dawa, na mtu huyo ni wa Mrithi. Enesia alichakarika mkono, mguu na mgongo. Kazi yote ilikuwa kwenye maneno yale, "hakuna sababu nyingine."

Kuna ugonjwa unaojifanya huo. Kinga ya mwili inachubua ganda la neva mahali pamoja hapa, pengine pale. Msuli unakonda vilevile, unachakarika vilevile. Ila umeme unakwama. Kukwama huko mafundi wanakuita kizuizi. Na ugonjwa huu una dawa: dripu ya kila mwezi, na baada ya nusu mwaka mtu anashika msumeno wake.

Wiki iliyopita Aidani alimpima Enesia kwa mikono yake mwenyewe. Kifundo nane, kiwiko nane. Hakuna kizuizi. Akatia saini.

"Mama Enesia," aliuliza polepole, "mkono huu una saa zake? Kuna wakati unakubali?"

"Asubuhi, kabla sijawasha tanuri. Kukiwa na umande mpaka vidole vinauma, hapo nashika tupa na kunoa. Nikiwasha moto tu, tupa inaanguka. Nilimwambia daktari wenu kwenye kioo, akasema ugonjwa huu una vituko."

Mlango ukafunguliwa kwa kiwiko. Aliingia Obadia Chaula na ndoo mbili.

"Bomba limeganda, nimeteremka mpaka chemchemi," alisema akihema. Akamwona Enesia kwenye kiti. "Hee! Huyu mbona mkavu? Fundi, umemgusa kabla hajanawa?"

Tangu homa iliyozuka kituoni mwaka wake wa nne, kila anayeingia chumba cha vipimo Ikangula ananawishwa mpaka juu ya kiwiko, mpimaji na mpimwa. Sheria hiyo waliitunga wenyewe na walijivunia. Hakuna kituo kingine kilichokuwa nayo. Obadia ndiye mnawishaji. Alikuwa mgonjwa wao wa kwanza kufungwa Mrithi, miaka mitatu iliyopita, na Mamlaka ilimwajiri hapo mlangoni ili wagonjwa wamwone akibeba ndoo wakapata moyo. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya kijana. Neva za kuhisi huwa hazichomwi, kwa hiyo baridi aliisikia kama mtu mwingine yeyote.

"Mnawishe," Aidani alisema. "Mnawishe sasa hivi, kama siku zote."

"Shikilia roho, mama. Maji ya leo yana meno."

Obadia alimmwagia kopo moja, mbili, tatu. Enesia alipiga kelele, akacheka, akatukana. Aidani aliwaacha wamalize, akamfuta, akagonga kwenye kifundo.

Nane.

Juu ya kiwiko.

Nane.

"Mnaona?" Obadia alisema kwa furaha. "Ilikuwa inataka kunawa tu."

*

Dakta Kihwele, daktari wa kituo, alijitokeza kwenye kioo cha mawasiliano akiwa Iringa, amevaa koti la sufu, kikombe mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaweka kikombe chini.

"Neva iliyochubuka ikipoa hupitisha," alisema. "Ikipata joto inakwama. Hilo liko kwenye ukurasa wa kwanza, Aidani. Ngozi iwe na joto kabla ya kugonga. Kipimajoto chako kiko wapi?"

"Kilikufa mwaka ule ule wa kwanza. Mkaandika tuguse kwa mkono."

"Na ulikuwa unagusa?"

"Kila mtu. Sikuruka hata mmoja."

"Sasa?"

Aidani alitazama viganja vyake. "Na mimi nilikuwa nimetoka kunawa maji yale yale, Daktari. Mkono baridi ukigusa mkono baridi, unaona sawa tu. Nilikuwa nabonyeza 'joto linafaa' na naamini."

Daktari alifumba macho kidogo. Alikuwa mwanamke mwenye haki. Aidani hakuwahi kumwona akimdhulumu mtu. Ndiyo maana alichosema baadaye kilimwingia.

"Faili la Enesia limeshatiwa saini. Kulifungua lazima uandike sababu. Ukiandika 'mgonjwa alitikisika', linafunguka lake peke yake, anapimwa upya kwa joto, anaanza dripu. Ukiandika 'joto la ngozi', mfumo unafungua kila faili la kituo lililopimwa hivyo. Ni mangapi?"

"Kumi na tisa. Kumi na mmoja tumeshawafunga."

"Na kituo kinafungwa siku hiyo hiyo. Timu ya kesho inageuka njiani. Uchunguzi hauishi chini ya miezi sita."

"Luvanda tulimpima ulimi kwa sindano. Ulimi haukunawishwa, na kizuizi hakigusi ulimi. Ana ugonjwa wenyewe, sina shaka hata kidogo."

"Najua. Lakini kituo kinafungwa chote, Aidani. Mfumo hautenganishi ulimi na mkono. Nitaandika barua, nitapiga simu, na watanijibu Oktoba. Foleni ya Dar ni miezi minane." Alisogea karibu na kioo. "Andika 'alitikisika'. Enesia anapona. Luvanda anabaki na sauti. Wale kumi na mmoja neva zao hazioti tena, ukiwaambia au usipowaambia. Kuanzia kesho unawapasha wagonjwa moto. Hilo lingine tutaliangalia kwa utaratibu."

"Kama ni kizuizi, kinaendelea kuwala miguu. Obadia ameanza kuburuza wa kushoto. Ameshawekewa Septemba aje achomwe."

"Obadia nitamwita kimya kimya."

"Na wale wengine kumi?"

Daktari alichukua kikombe chake, akakirudisha chini bila kunywa. "Tutaona," alisema.

*

Obadia alikuwa stoo, anapanga kuni. Aidani alifunga mlango nyuma yake, akavuta jiko katikati.

"Vua kiatu cha kushoto. Kunja suruali, weka mguu hapa."

"Umeanza lini kuwa mama mkwe wangu?" Lakini alivua. Vidole vyake vilifungua kamba za kiatu haraka, bila kosa hata moja, kwa namna ile ya Mrithi ambayo bado iliwafanya watoto wamkodolee macho.

Walikaa robo saa. Obadia alisimulia habari za jirani yake aliyenunua nguruwe akidhani ni jike. Aidani hakusikia hata nusu. Ngozi ilipopata moto alileta mashine ndogo ya mkononi, akagonga kwenye kifundo cha mguu, kisha nyuma ya goti.

Tisa. Mbili.

Aligonga mara nne zaidi, ingawa hakukuwa na haja.

"Sema tu," Obadia alisema. "Umekuwa mweupe kama ugali."

Aidani alisema. Hakujua njia ya kuzunguka, kwa hiyo hakuzunguka: maji, kipimajoto, mkono wake mwenyewe, namba mbili, dripu ya kila mwezi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Obadia alimtazama midomo.

"Kwa hiyo mikono yangu ilikuwa mizima."

"Haikuwa mizima. Ilikuwa inatibika."

"Dripu."

"Dripu. Siwezi kuapa kwa mikono, haipimiki tena. Lakini mguu huu ni huo ugonjwa, na mtu hapati magonjwa mawili ya namna hii."

Obadia aliinua viganja vyake, akavigeuza mbele, akavigeuza nyuma. Akashika kuni moja na kuiweka juu ya nyingine, ikakaa sawa kabisa. Halafu akaitoa na kuiweka tena.

"Siku ile ya kwanza ulinigusa hapa," alisema akijionyesha chini ya kiwiko. "Ukasema ngozi nzuri. Nikafurahi. Nikajua niko kwa mtu anayejua kazi."

Aidani aliizima mashine.

"Waliofuata ni wangapi? Waliofungwa?"

"Kumi baada yako. Sijui nani kati yao ana kizuizi. Labda wawili, labda mmoja tu, labda wote wana ugonjwa wa kweli."

"Hao kumi niliwanawisha mimi." Sauti ya Obadia ilikuwa imeshuka mpaka ikawa ya kunong'ona. "Binti wa Mahenge alilia, ana miaka ishirini na moja. Alisema kaka, yanachoma, nikamwambia usafi kwanza. Nikamwongeza kopo."

"Wewe ulifuata sheria. Kupima joto ilikuwa kazi yangu."

"Usinigawie mimi makosa kama nyama, Aidani. Nimemwagia, nimemwagia." Alivuta suruali chini, akavaa soksi. "Umeshaandika?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Nikiandika, timu haiji kesho. Luvanda ulimi unakwenda. Daktari anasema niandike ya Enesia tu. Wewe atakupa dripu kimya kimya."

Obadia alimaliza kufunga kiatu kabla ya kuinua uso. Macho yalikuwa mekundu lakini hayakuwa na machozi.

"Ningesema sitaki ya kimya kimya, ningekuwa mwongo. Naitaka. Mguu ni wangu. Lakini binti wa Mahenge naye ana miguu."

"Ningeweza kungoja mpaka kesho jioni. Luvanda akishafungwa, ndipo niandike."

"Alhamisi asubuhi si unaapa? Unasimama mbele ya timu na kusema vipimo vya kituo hiki havina shaka?"

"Naapa."

"Utaapa, watakupa mkono, mtakunywa chai." Obadia alisimama, akajaribu uzito kwenye mguu mbovu. "Mimi sikwambii la kufanya. Ya Dalali ni yako, na mimi siyabebi. Ya kwangu yamenitosha."

Akachukua ndoo tupu, akatoka. Aidani alisikia akizipiga chini nje moja baada ya nyingine, kwa nguvu zote za mikono ile, mpaka plastiki ikapasuka.

*

Faili la Enesia lilikuwa wazi kwenye kioo. *Sababu ya kufungua.* Chini yake kisanduku kitupu.

Aidani alikaa mbele yake, mikono chini ya makwapa.

Aliufikiria ule mpango wa kungoja. Ulikuwa mzuri. Ulimtendea haki kila mtu, ulichelewesha ukweli kwa siku moja tu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alijijua. Mwaka ule wa kwanza kipimajoto kilipokufa alisema ataandika barua wiki ijayo. Akaandika mbili, wakamjibu aguse, naye akagusa. Kesho angeapa. Kesho kutwa angemwona Luvanda anaongea, na angejisikia mtu mwema. Wiki ya pili angesema acha uchungu upoe. Obadia angekuwa kwenye dripu. Na binti wa Mahenge angekuja Desemba akiburuza mguu, na yeye angempasha moto vizuri kabisa, na angeona mbili, na angesema ugonjwa una vituko.

Ujasiri aliokuwa nao ulikuwa wa leo. Hakuwa na akiba.

Wale waliofungwa hawakujua kwamba kuna swali. Luvanda alijua anachopoteza. Alitafuta kama hiyo ni tofauti ya kutosha kumnyima mtu sauti, na hakupata jibu. Aliandika bila jibu: *Joto la ngozi.*

Mfumo ukamwuliza kama ana hakika. Akabonyeza. Majina yakaanza kufunguka moja chini ya jingine, kumi na tisa, na juu kabisa ukajitokeza mstari mwekundu: *Kituo kimesimamishwa. Timu imejulishwa.*

Kioo kilianza kuita. Kihwele. Hakupokea.

Alitoka nje. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni na kufunika uzio. Enesia alikuwa ameambiwa kwamba ugonjwa wake huenda una dawa, aende akasubiri kwa dada yake. Hakujua bado kama acheke au alie, kwa hiyo alikuwa ameondoka anaimba vibaya. Kwenye benchi alibaki Dalali peke yake, shuka la mgolole mabegani, mistari ya wino kidevuni na shingoni.

Aidani hakuketi kando yake. Alipiga goti mbele yake ili waonane macho.

"Baba Luvanda, timu haiji kesho. Mimi ndiye niliyeizuia."

Alimweleza. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani. Hakusema samahani, kwa sababu ingekuwa kumwomba mzee ampe kitu, na alikuwa ameshachukua cha kutosha.

Luvanda alimtazama. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, akayafuta kwa shuka.

"Kwa hiyo... mimi... ni mgonjwa kweli," alisema.

"Kweli."

"Na wewe... ulijua... nitanyamaza."

"Nilijua."

Mzee alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda, kama alivyokuwa akifanya juu ya sanduku lake la mnadani kabla ya kufungua bei. Akaanza. Alimwita mwizi. Alimwita fundi wa redio. Alimtukana mikono yake, na siku aliyoajiriwa, na maji ya Ikangula. Kila neno alilisukuma kwa shida, lingine alilirudia mara mbili mpaka likatoka sawa, maana hakutaka hata moja lipotee. Aidani aliona jinsi yalivyokuwa yamepangika vizuri.

Goti lilimuuma kwenye kokoto. Ndani kioo kiliendelea kuita. Alibaki pale pale, na pale asipoelewa alisema, "Rudia, baba," na Luvanda akarudia.